Bibi Hakusema "Tega": Siku Nne za Kutafuta Utulivu Naivasha

Kitinda mimba wangu ana miaka sita, na kichwani amehifadhi vitendawili zaidi ya ishirini alivyofundishwa na bibi yake kwa simu. Tarehe 27 Desemba 2024, alasiri ya kwanza ya likizo yetu kando ya Ziwa Naivasha, alimwendea bibi aliyekuwa ameketi kwenye nyasi, akasimama mbele yake na kusema, "Kitendawili!" Bibi akatabasamu, akayarudisha macho ziwani. Mtoto akarudia kwa sauti kubwa zaidi. Bibi akamshika shavu akamwambia, "Asante mwanangu, nimeshashiba."

Mtoto alikuja kwangu na machozi yanamlengalenga. Kwake yeye, mtu anayeambiwa "kitendawili" asijibu "tega" ni mtu aliyekasirika.

Nimekiandika kisa hiki kwa urefu kwa sababu najua familia nyingi zina mzee wa namna hii: yumo kwenye kila picha ya likizo, lakini hakusikia hata neno moja siku nzima. Sisi pia tulikuwa hivyo kwa siku mbili kamili, na tulikuwa tumelipia.

Tulikuwa sita: mimi, mume wangu, watoto watatu wa miaka 15, 11 na 6, na mama yangu mzazi, miaka 76, aliyepanda treni kutoka Mombasa, akalala kwetu Nairobi usiku mmoja, kisha tukaondoka pamoja. Mama ana mashine za masikio, kulia na kushoto, mwaka wa pili sasa. Asiyewahi kuishi na mtu mwenye mashine hizi hudhani zinafanya kazi kama miwani: ukivaa, umeona. Sivyo. Mashine hukuza sauti, na haijui vizuri ipi unaitaka na ipi huitaki. Spika iliyo mbali inakuzwa, kijiko kinachogonga sahani kinakuzwa, upepo unaopita juu ya kipokea sauti kidogo kilicho nyuma ya sikio unageuka mvumo mkubwa. Katikati ya hayo yote mtoto wa miaka sita anasema kitu kwa sauti nyembamba, na sauti nyembamba za watoto ndizo za kwanza kumpotea mtu ambaye masikio yake yamechoka kwa umri.

Nyumbani kwake Mombasa hili halionekani sana. Ana kiti chake, anajua nani hukaa wapi, na jirani akija huketi upande wa kulia ambako husikia vizuri. Likizo inamng'oa kutoka kwenye mpangilio huo.

Kwa nini Naivasha? Kwa sababu zilezile zinazowapeleka watu wengine wote. Ni kilomita 90 hivi kutoka Nairobi. Watoto walitaka kuendesha baiskeli Hell's Gate, mojawapo ya mbuga chache nchini ambamo unaruhusiwa kutembea kwa miguu na kuendesha baiskeli katikati ya wanyama. Mume wangu alitaka kuona viboko. Mama alitaka kuona ziwa la maji baridi, kwa kuwa maisha yake yote ameishi na maji ya chumvi. Mimi nilitaka utulivu, na nilipopiga simu kuweka nafasi nilimuuliza msichana wa mapokezi swali moja tu: "Huko kwenu kuna utulivu?" Akasema upo, na ninaamini hakudanganya. Nitarudi kwenye swali hilo, maana ndilo kosa langu kubwa katika kisa hiki.

Siku mbili za kwanza

Tulishukia njia ya Mai Mahiu. Mama aliomba tusimame kwenye kile kikanisa kidogo kilichojengwa na wafungwa wa vita wa Kiitaliano mwaka 1942, akashangaa udogo wake. Malori yalikuwa mengi. Tulifika kambini saa 9 alasiri, kwenye barabara ya Moi South Lake, ambayo hupita upande wa kusini wa ziwa kati ya mashamba ya maua, kambi, hoteli na vijiji vya wafanyakazi. Mahali penyewe palipendeza: migunga mirefu yenye magome ya manjano, nyasi zilizokatwa vizuri, na mbele yetu maji. Miti iliyokufa ilikuwa bado imesimama ndani ya ziwa, kumbukumbu ya jinsi maji yalivyopanda mwaka 2020 hadi yakaingia kwenye makazi ya watu.

Wakati huo hapakuwa na muziki wowote. Hilo ndilo lililonichanganya. Nilitazama huku na huku nikajiambia, hapa ndipo. Ndipo kikaja kile kitendawili kisichojibiwa.

Usiku ule kambi ya jirani ilikuwa na sherehe. Besi ilipita kwenye ukuta wa mbao kana kwamba ukuta haupo. Saa 5 usiku mume wangu alikwenda mapokezi. Wakamwambia kwa upole kwamba muziki si wao, ni wa jirani, na wamekwisha kuongea naye. Kenya ina kanuni za kelele tangu 2009, na kwa kanuni hizo usiku huanza baada ya saa 2. Lakini saa 5 ya usiku, na watoto wako macho, kanuni si kitu cha kukushika mkono. Mama yeye alivua mashine zake akalala usingizi mzito. Asubuhi alisema, "Nyinyi mna taabu. Mimi nikizima, nimezima." Tulicheka, na kicheko kikanificha jambo ambalo ningepaswa kuliona: mama yangu alikuwa ameanza kuzima mapema, hata mchana.

Jumamosi tulifanya kila kitu kwa saa isiyofaa. Tulifika lango la Elsa, Hell's Gate, saa 4 asubuhi. Foleni, mabasi, vijana na spika zao ndogo za kubeba begani, vumbi la magari likiwafuata waendesha baiskeli. Watoto walifurahi na sitawanyima furaha yao. Walizunguka ule mwamba wa Fischer's Tower, wakaona pundamilia kwa karibu. Mimi na mama tulikaa garini vioo vimefungwa kwa sababu ya vumbi. Tulipokaribia upande wa Olkaria, ambako mvuke wa ardhini unazalisha umeme tangu 1981, mabomba yalikuwa yakipumua kwa mlio mkali hata mama akaweka viganja masikioni.

Saa 9 alasiri tukapanda boti. Injini nyuma, upepo mbele, mawimbi yakigonga ubavuni. Kijana wa boti alijua kazi yake: alituonyesha viboko kwa mbali inayostahili, akapiga mluzi na kurusha samaki, kwazi akashuka kutoka mtini na kumnyakua juu ya maji. Alieleza mambo mengi mazuri kuhusu yule ndege. Mama hakusikia hata moja. Alikuwa akitazama uso wangu nilipotabasamu, naye akatabasamu.

Chakula cha jioni kililiwa kwenye banda kubwa lenye sakafu ya vigae na paa la mabati. Familia labda kumi na mbili, watoto wakikimbia, viti vya chuma vikiburuzwa. Katikati ya chakula mama aliweka kijiko chini, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, bila hasira: "Mimi nimekuja Naivasha kutazama midomo yenu."

Hakuna aliyejibu. Binti yangu mkubwa ndiye aliyeinuka kwanza, akahamisha kiti chake karibu na bibi.

Askari wa zamu ya usiku

Jumapili mama aliamka alfajiri kama kawaida yake, akaswali, kisha akatoka kibarazani na leso mbili na sweta yangu. Naivasha iko takribani mita 1,890 juu ya usawa wa bahari, na baridi yake ya asubuhi haimhurumii mtu wa pwani. Nilimfuata kwa sababu niliogopa viboko. Usiku hutoka majini kula nyasi, na huko si mahali pa mtu kutembeatembea gizani hata kama kuna uzio wa umeme.

Askari wa usiku alikuwa anamalizia zamu. Akamwamkia mama, "Habari ya asubuhi, mama," na mama akajibu papo hapo. Nikageuka. Alikuwa amesimama hatua nne kutoka kwake, wala hakuinua sauti.

Wakaongea. Nilikaa kimya nikawasikiliza, kwa sababu sikuwa nimemsikia mama akiongea na mtu mgeni kwa raha hivyo tangu atoke Mombasa. Askari akamwambia ziwa hili asubuhi ni kioo. Wavuvi hurudi mapema kwa sababu ikifika saa 7 hivi mchana upepo unainuka, na kufikia saa 9 au 10 maji yanachafuka hasa. Mama ni binti wa mvuvi. Alitikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa habari za ndugu yake. "Kumbe maji haya yana saa zake," akasema. "Kama kwetu."

Na jina lenyewe linasema. Naivasha limetoka kwenye neno la Kimaasai linalotaja maji yenye mawimbi, maji yanayochafuka. Wamaasai walilitazama ziwa hili alasiri, wakaliita kwa kile walichokiona. Mimi niliweka nafasi, nikalipa, nikaja, na jambo lililoandikwa kwenye jina la mahali sikulijua.

Pale ndipo nilipoelewa ile alasiri ya Ijumaa. Hapakuwa na muziki, ndiyo. Lakini palikuwa na upepo kutoka ziwani ukipiga moja kwa moja kwenye masikio ya mama, na matawi ya migunga juu, na mawimbi kwenye mafunjo. Kwangu mimi hiyo ni sauti ya mapumziko. Kwake ilikuwa ukuta.

Niliingia ndani nikamwamsha kitinda mimba. Akaja anajikuna macho, akaketi kwenye paja la bibi. Nikamnong'oneza, "Mtegee sasa."

"Kitendawili."

"Tega!"

"Nyumba yangu haina mlango."

Mama alijifanya hajui. Akataja chungu, akataja kaburi, akaombwa mji, akatoa Mombasa, na mtoto akakataa kwa furaha mpaka alipochoka na kumpa jibu mwenyewe: yai. Walitegeana hadi jua likatoka juu ya mstari wa miti, saa 12 na nusu hivi, na boti ya kwanza ilipowashwa upande wa pili mama aligeuza kichwa. Alikuwa ameisikia.

Tulivyobadilisha

Baada ya chai mume wangu nami tulikaa na kalamu. Tulikuwa na asubuhi tatu zilizobaki, hiyo ikiwa mojawapo, na tuliamua kutumia kipimo kimoja tu: kitinda mimba akitega akiwa hatua mbili kutoka kwa bibi, kwa sauti yake ya kila siku, bibi anajibu au hajibu? Akijibu, tunakaa hapo. Asipojibu, tunasogea, hata kama mandhari ni mazuri kiasi gani na kila mtu mwingine ameridhika.

Kipimo hicho kilitufundisha mambo kwa haraka ajabu. Kwanza umbali. Sauti ya mtu ikisafiri mara mbili ya umbali hupungua desibeli 6 hivi, na kwa mwenye masikio mazima hilo si kitu, lakini kwa mama hatua mbili na hatua nne zilikuwa ulimwengu mbili tofauti. Sisi tulikuwa tukikaa kwenye duara kubwa, kila mtu na kiti chake cha kulala, kwa sababu viti vilipangwa hivyo. Tulivisogeza. Wafanyakazi wa kambi hawakujali hata kidogo. Hatukuwahi kujaribu tu.

Pili, mgongo. Mama akiketi akiwa na ukuta nyuma yake, na upepo ukiwa umezibwa, alisikia karibu maradufu. Upande wa nyuma wa nyumba yetu, ambao haukutazama ziwa bali ulitazama stoo ya kuni na ua wa mibono, ndio uliokuwa na utulivu wa kweli alasiri nzima. Hakuna tangazo litakalokuonyesha picha ya upande huo. Tulihamishia viti vyetu huko kuanzia saa 7 mchana, na ninakiri iliniuma kidogo kuyapa maji mgongo baada ya kuyalipia.

Tatu, chakula. Tuliacha lile banda la vigae. Tulimwomba mpishi atupakulie saa 12 na nusu jioni kabla ya umati, tukala nje kwenye meza ya mbao juu ya nyasi. Nyasi hunyonya sauti. Vigae na mabati huirudisha. Mama alikula samaki wake akauliza maswali, akamkatiza mkwewe, akabishana naye kuhusu bei ya nazi. Mume wangu alinitazama juu ya meza. Tulikuwa tumemkosa mama huyu.

Jumapili hiyohiyo, saa 2 asubuhi, tulivuka kwenda Crescent Island kabla boti hazijawa nyingi. Hicho kisiwa, ambacho kwa kweli ni ukingo wa kreta ya volkano iliyozama, ndicho ningemwambia kila mwenye mzee anayeweza kutembea polepole. Hakuna simba, na unatembea kwa miguu kati ya twiga, nyumbu, kuro na swala. Hakuna magari ya watalii. Mwongozaji tuliyempata tulimweleza mapema: akitaka kusema jambo, asimame, amgeukie mama, aseme, ndipo tuendelee. Mwanzoni alisahau na kuongea huku anatangulia. Mama akamwambia, "Mwanangu, mgongo wako siusikii." Kuanzia hapo kila mara alisimama. Tulitembea saa mbili tukaenda umbali ambao wengine huumaliza kwa dakika arobaini, na mama anaweza kukueleza mpaka leo tofauti ya kuro dume na jike.

Jumatatu tuliondoka saa 12 asubuhi kwenda Ziwa Elementaita, chini ya saa moja kwa gari kuelekea Nakuru. Hapa sababu ya utulivu inaeleweka kirahisi. Naivasha ni maji baridi: kuna samaki, kuna viboko, kwa hiyo kuna boti, na penye boti pana injini. Elementaita ni maji ya magadi, kina chake ni kifupi, na sisi hatukuona boti hata moja. Mwaka 2011 liliorodheshwa na UNESCO kuwa urithi wa dunia pamoja na Nakuru na Bogoria, na mwari weupe huzaliana kwenye visiwa vyake vya mawe. Tulikaa ukingoni na chupa ya chai na mahamri ya jana. Heroe walikuwa mbali, mstari wa waridi. Mama alisikia milio yao, kama watu wanaoongea chumba cha pili, na akamuuliza mtoto, "Wale wanasema nini?" Mtoto akajibu kwa kirefu sana.

Tulipita Kariandusi kuona zana za mawe za watu wa kale, na mchana tukala nyama choma Kikopey. Kikopey ni kelele tupu, wachinjaji wanakuitia gari kabla hujaegesha, na mama alivua mashine zake akala kwa amani dakika ishirini. Hilo lilikuwa chaguo lake, na ni tofauti kabisa na kuzimiwa na wengine.

Ambayo hayakwenda sawa

Binti yangu wa miaka 15 hakuipenda mipango hii, na nitamtendea haki kwa kuyaandika malalamiko yake. Kuamshwa saa 11 na nusu kwa siku tatu mfululizo wakati shule imefungwa ni adhabu, alisema, na alisema pia kwamba likizo imekuwa ya bibi peke yake. Alikuwa na hoja. Tulikubaliana asubuhi ziwe za bibi na alasiri ziwe za vijana, na mume wangu akawapeleka wawili wale wakubwa kwenye bwawa la kuogelea la kambi nyingine ambako muziki ulikuwa mkubwa vya kutosha. Jumatatu kwenda Elementaita alilala garini safari nzima na hakushuka mpaka saa 3. Sikumlazimisha. Jioni ile ile ndiye aliyekaa na bibi nyuma ya nyumba, upande wa kuni, akimpaka hina. Sijui waliongea nini.

Jambo la pili ni pesa. Karibu kila mahali penye utulivu Naivasha pako nyuma ya lango lenye ada: mbuga, kisiwa, kambi yenye uzio. Sehemu kubwa ya ufuo imeshikwa na mashamba, hoteli na viwanja vya watu binafsi, na mwananchi asiye na ada amebakiwa na sehemu chache za wazi kama ile ya Karagita, ambayo Jumapili hujaa hadi pomoni. Wengi wanaojaa pale ni watu wanaofanya kazi kwenye maua na hotelini wiki nzima. Muziki wao wa Jumapili ndiyo likizo yao yote. Nilipopita pale nikiwa na hasira zangu za Ijumaa usiku, nilimwona mama mmoja wa umri wa mama yangu ameketi katikati ya spika mbili, anatazama midomo ya wajukuu wake. Yeye hana kisiwa cha kwenda. Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi kuliko nilivyofikiria sherehe ya jirani, na naona serikali ya kaunti ingeweza kufanya jambo: sehemu moja ya ufuo wa umma isiyo na spika, yenye ukuta wa miti wa kuzuia upepo na viti vilivyokaribiana. Gharama yake ni ndogo.

La tatu ni kosa langu la simu. Nilipouliza "kuna utulivu?" nilimpa yule msichana neno ambalo kila mtu hulijaza kwa maana yake. Kwake utulivu ulimaanisha usalama na nyasi safi. Safari hii nimekwisha kupiga simu sehemu tatu kwa ajili ya likizo ijayo, na nimeuliza mambo mengine kabisa. Kambi ya jirani ni ya nani, na huwa na sherehe siku gani? Kuna kundi lililoweka nafasi tarehe hizo? Nyumba ipi iko mbali na baa na jenereta? Ina kibaraza upande usiotazama ziwa? Chumba cha kulia kina sakafu gani? Swali hili la mwisho huwashangaza, lakini wawili kati ya watatu walikwenda kuangalia wakanirudia. Nimeangalia pia kalenda ya mbio za magari za Safari Rally. Tangu ilipoanza kufanyika Naivasha mwaka 2021 mji hujaa siku hizo, na mwaka 2024 iliangukia Pasaka yenyewe. Mtu asiyefuata magari angeweza kuingia katikati yake bila kujua.

Mwisho wa mwaka tulirudi Nairobi kwa njia ya juu, ya Kinungi. Foleni kubwa ilikuwa upande wa wanaotoka mjini. Mama alikuwa ameketi mbele, kitinda mimba nyuma yake, na mtoto alikuwa amekwisha kujifunza: kabla ya kutega alimgusa bibi begani, akasubiri ageuke.

"Kitendawili."

"Tega."

"Kuku wangu katagia miibani."

"Nanasi," akasema mama mara moja, na mtoto akalalamika kwamba safari hii hakujifanya hajui.

Mama alikaa nasi hadi shule zilipofunguliwa. Siku ya kumpeleka stesheni alituachia masharti yake ya safari ijayo. Tusiende Desemba, twende Agosti, baridi ataivumilia. Chumba chake kiwe cha nyuma, karibu na kuni. Na kabla hatujalipa, tuulize kama yule askari wa usiku bado yupo.